Askari akikutolea kipima dawa za kulevya: fanya hivi, hatua kwa hatua

Maswali yanayonifikia yanafanana kama mapacha. "Nimesimamishwa, nimepanguswa ulimi, kifaa kimesema nina bangi na sijawahi kuvuta, nifanyeje?" Mwingine: "Nikikataa itakuwaje?" Na mara chache anatokea mtu mwenye swali zuri kuliko yote: "Yale mate yangu yameenda wapi?" Nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake, kwa hiyo nimeyakusanya hapa.

Tuelewane mapema. Humu hamna mbinu ya kukidanganya kipimo. Kama umetumia kitu na umeshika usukani, egesha gari ushuke. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka apimwe kwa haki, na asichukuliwe zaidi ya kile ambacho sheria inaruhusu.

Neno moja la kushika tangu mwanzo: kifaa cha barabarani kinaleta shaka, jibu linatoka maabara. Katikati ya hayo mawili, kinachokulinda ni maandishi.

Vitu vya kuwa navyo kabla

- Orodha ya dawa unazotumia: jina la dawa, kiasi unachotumia, na tarehe ulipoandikiwa. Jina la ugonjwa si lazima liwemo.
- Nakala ya cheti cha daktari, au picha yake kwenye simu. Nakala ya karatasi ni bora, na sababu utaiona kwenye hatua ya 3.
- Namba ya wakili au ya mtu wa karibu, iliyoandikwa mahali pengine mbali na simu.
- Kalamu na kijidaftari.
- Majibu ya maswali mawili kuhusu nchi uliyomo: je, kukataa kipimo cha mate ni kosa? Je, sheria inaadhibu kuendesha ukiwa umelewa, au inaadhibu kukutwa tu na chembe za dawa mwilini? Yatafute leo ukiwa umekaa. Barabarani hapana utulivu wa kusoma sheria.

Hatua ya 1: Tambua umeletewa kifaa gani

Watu wengi hudhani kipima dawa ni kimoja. Vipo vya aina kadhaa, na kila kimoja kinakugusa kwa namna yake.

*Kipimo cha mate.* Kijiti au kisponji kinapanguswa ulimini au shavuni, kisha kinawekwa kwenye kikaseti au mashine ndogo. Majibu hutoka ndani ya dakika chache, kwa kawaida si zaidi ya kumi. DrugWipe, DrugTest 5000 na SoToxa ni za jamii hii. Hutumia kingamwili, yaani protini zinazonasa molekuli ya dawa inayotafutwa, na tatizo ni kwamba kingamwili huweza kunasa pia molekuli inayofanana nayo. Zaidi ya hapo, THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, inayokutwa kwenye mate hutokana hasa na moshi ulioganda mdomoni. Kipimo kinasema kitu kilipita hapo. Hakisemi kama sasa hivi umelewa.

*Kipimo cha rangi.* Hiki hakipimi mwili, kinapima unga, kidonge au majani yaliyokutwa kwako. Askari anatia chembe kwenye kimfuko chenye vitendanishi (kemikali zinazobadilika rangi), anavunja vichupa vilivyo ndani, anatazama rangi. Kwa kokeini inatafutwa buluu ya kobalti thiosayaneti. Kitendanishi cha Marquis hugeuka zambarau kwa heroini na morfini, na rangi ya chungwa inayoelekea kahawia kwa amfetamini. Ni rahisi, ni cha haraka, na ndicho ninachokiamini kidogo kuliko vyote. Lidokaini, ile dawa ya ganzi ya daktari wa meno, nayo huleta buluu. Difenihidramini ya mafua na mzio pia. Halafu kuna jicho la binadamu linaloamua "hii ni buluu au kijani" usiku, kwa mwanga wa tochi.

*Kifaa cha leza.* Kinamulika unga, hata kupitia mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, na kulinganisha mwanga unaorudi na maktaba yake ya kemikali. Ni kizuri kuliko rangi, lakini huyumba mbele ya unga wenye rangi nzito au mchanganyiko ambao dawa ndani yake ni kidogo sana.

*Kitambaa cha kupangusa chembe.* Kinapitishwa mikononi, kwenye usukani au kwenye begi, kisha mashine inasoma. Hiki kina hisia kali kupita kiasi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Dartmouth walikuta chembe za kokeini kwenye noti za dola takriban 9 katika kila 10 walizopima. Sasa fikiria mikono ya keshia.

*Kipimo cha jasho la kidole.* Unabonyeza kidole, jasho linapimwa. Mwaka 2015 timu ya Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, ilionyesha kwamba alama ya kidole inaweza kumtambulisha aliyetumia kokeini. Mwaka 2018 timu ya chuo hichohicho ikakuta chembe za kokeini kwenye vidole vya asilimia 13 ya watu wasiotumia dawa kabisa. Kwa upande wa faragha, hiki ndicho kinachonikosesha usingizi: mbonyezo mmoja unaweza kubeba utambulisho wako na kemia ya mwili wako kwa pamoja.

Huna haja ya kukariri haya. Uliza tu: "Afande, hiki kinapima nini, mate yangu au kitu kilichokutwa?" Jibu lake litakuonyesha hatua zinazokuhusu.

Hatua ya 2: Uliza maswali matatu kabla ya kufungua mdomo

1. "Hii ni amri ya kisheria au ni ombi?"
2. "Kinatafuta dawa zipi?"
3. "Sampuli na majibu vinahifadhiwa wapi, kwa muda gani?"

Sema kwa upole, mara moja, na uandike ulichojibiwa. Swali la tatu mara nyingi litapata mabega yaliyopandishwa. Si kitu. Liulize, kwa sababu ukija kuomba taarifa zako baadaye, utakuwa na rekodi kwamba uliulizia papo hapo na hukupewa jibu.

Tahadhari: usiulize kwa sauti ya ushindani wala usigeuze barabara kuwa mahakama. Nimeona watu waliokuwa na haki yote wakaishia na shtaka la kumzuia askari kutekeleza kazi yake, basi tu kwa sababu ya ulimi.

Hatua ya 3: Tenganisha kipimo na upekuzi

Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kipimo cha mate kinachotajwa na sheria ya barabarani ni jambo moja. Kupekua begi, buti la gari au simu ni jambo jingine, na mara nyingi lina masharti yake: kibali, au sababu za msingi za kushuku, au ridhaa yako. Uingereza na majimbo ya Australia yamefanya kukataa kipimo cha mate bila sababu ya msingi kuwa kosa lenyewe. Kwa hiyo "nakataa kila kitu" ni ushauri mbaya, hata kama unaonekana wa kishujaa kwenye video. Pima faida na hasara kwa sheria ya mahali ulipo.

Ila ukiulizwa "naweza kuangalia humo ndani?", hilo ni ombi. Unaweza kujibu: "Kipimo nafanya kama sheria inavyotaka. Upekuzi sijauridhia." Akiendelea, usimzuie kwa mikono. Rudia sentensi ileile, iandike, iache ifanye kazi mahakamani.

Na simu? Usimkabidhi mtu simu iliyofunguliwa ili aone picha ya cheti chako cha dawa. Ndiyo maana nilisema nakala ya karatasi. Ukishaifungua na kuikabidhi, umetoka kwenye dawa ya kikohozi na kuingia kwenye maisha yako yote.

Nadharia kidogo, kisha tuendelee. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Jacobsen ya 1984, ilisema kupima unga kwa kemikali inayojibu tu "ni kokeini" au "si kokeini" hakuingilii faragha, kwani hakufichui jambo jingine lolote. Mwaka 2001, katika kesi ya Kyllo, mahakama hiyohiyo ikasema kumulika nyumba ya mtu kutoka nje kwa kamera ya joto, kutafuta taa za kuoteshea bangi, ni upekuzi unaohitaji kibali. Sasa weka mate katikati ya kesi hizo mbili. Mate yana jibu la ndiyo au hapana, lakini yana pia vinasaba vyako na alama za dawa unazotumia kwa maradhi usiyomwambia mtu. Kwa maoni yangu yapo karibu na nyumba kuliko unga.

Hatua ya 4: Simamia utaratibu kwa macho

Huruhusiwi kushika kifaa, lakini macho hayajakatazwa. Angalia:

- Pakiti inafunguliwa mbele yako, haikutoka ikiwa wazi mfukoni.
- Tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita. Namba ya toleo ikisomeka, iandike.
- Glavu ni mpya. Askari aliyetoka kushika mfuko wa mtu mwingine kisha akakupangusa wewe anaweza kukuachia chembe za mwenzako.
- Kama ulikuwa unakula, unakunywa au unavuta sigara, sema. Maelekezo ya vifaa vingi vya mate hutaka mdomo upumzike dakika kama kumi kwanza.
- Mstari wa udhibiti, ule unaoonyesha kwamba kipimo chenyewe kimefanya kazi, umetokea. Usipotokea, kipimo hicho ni batili hata kama mistari mingine inaonyesha vituko.

Kosa la kawaida: kujisomea majibu. Kwenye baadhi ya vifaa mstari ukitokea maana yake hasi, kwenye vingine mstari ukitokea maana yake chanya. Nimewahi kuletewa picha na kijana aliyekuwa analia, kumbe yuko salama. Soma jina la kifaa, uliza, andika.

Hatua ya 5: Kikisema chanya, punguza maneno

Hofu inafungua mdomo. Mtu anaanza: "Labda ni kwa sababu juzi kwenye sherehe wenzangu walikuwa wanavuta..." Umeshajitungia ushahidi ambao kifaa hakikuwa nao.

Sema mambo matatu tu: jina lako, kwamba unaomba kipimo cha uthibitisho cha maabara, na kwamba unataka kuzungumza na wakili kabla ya maelezo zaidi.

Kuna jambo moja la nyongeza, nalo ni dawa za hospitali. Kodeini hugeuka morfini mwilini, kwa hiyo mtu wa dawa ya maumivu anaweza kuonekana mtumiaji wa afyuni. Dawa za umakini zenye amfetamini ni amfetamini kweli, kifaa hakijakosea. Sudoefedrini ya mafua huweza kuchanganya baadhi ya vipimo. Hata mbegu za mpopi, mmea unaotoa afyuni, kwenye mkate huacha morfini kwenye mate kwa saa kadhaa. Kama una cheti, sema "natumia dawa niliyoandikiwa na daktari" na uonyeshe karatasi. Simulizi ya ugonjwa baki nayo. Uingereza sheria yao ya madawa barabarani, iliyoanza kutumika Machi 2015, inampa utetezi mtu aliyetumia dawa kama alivyoelekezwa, lakini lazima autoe yeye. Hautajileta wenyewe.

Hatua ya 6: Dai uthibitisho, na dai sehemu yako ya sampuli

Kipimo cha uthibitisho ni cha maabara: damu au mate yanachujwa kwa kromatografia, yaani njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika, kisha molekuli zinatambuliwa kwa uzito wake. Hiki hakichanganyi kodeini na heroini kirahisi.

Jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau ni sampuli ya pili. Uingereza, ukitolewa damu, una haki ya kupewa sehemu yake ili upime kwa mtaalamu wako, ila lazima uiombe palepale inapotolewa. Ukikumbuka kesho, basi tena. Ufaransa dereva huulizwa kama anataka atolewe damu ya akiba kwa ajili ya kupinga majibu baadaye, na mtu anaweza kukataa kwa kuogopa sindano. Usikatae kwa sababu ya sindano.

Sampuli inapofungwa hakikisha: muhuri umewekwa mbele yako, lebo ina jina na namba sahihi, saa imeandikwa, na unajua ni nani anaichukua. Huu ndio mnyororo wa utunzaji wa kielelezo. Kila mkono ulioshika uwe na jina na saa. Pengo la saa sita lisilo na maelezo limewaokoa watu wengi kuliko hotuba kali za mawakili.

Hatua ya 7: Usikiri kosa kabla maabara haijajibu

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii.

Kaunti ya Harris, Texas, Marekani, zaidi ya watu mia moja walikiri makosa ya dawa kwa kuegemea kipimo cha rangi cha barabarani. Walipewa chaguo: kiri leo utoke mapema, au kaa mahabusu usubiri. Wakakiri. Majibu ya maabara yalipokuja, baadaye sana, hapakuwa na dawa. Walikuwa tayari wana rekodi ya jinai.

Orlando, Florida, Desemba 2015, mtu mmoja alikamatwa kwa chembe nyeupe sakafuni mwa gari lake. Kipimo cha barabarani kilisema methamfetamini, kikarudiwa, kikasema tena. Maabara ikasema hapana. Ilikuwa sukari ya donati. Jiji likamlipa fidia ya dola 37,500. Na kule Victoria, Australia, mahali pa kwanza duniani kuanza kupima madereva mate bila mpangilio, Desemba 2004, mmoja wa madereva wa mwanzo kabisa alitangazwa kuwa chanya mbele ya kamera za waandishi wa habari. Maabara ikamsafisha. Sura yake ilikuwa imeshazunguka.

Kipimo cha pili cha aina ileile si uthibitisho. Ni kosa lilelile limeulizwa mara mbili.

Hatua ya 8: Andika yote siku hiyohiyo

Saa, mahali, namba za askari, jina la kifaa, namba ya toleo, rangi au mistari uliyoiona, maneno uliyoambiwa. Andika ulichokula na dawa ulizomeza saa 24 zilizotangulia. Kumbukumbu ya wiki ijayo itakuwa imeshapakwa rangi na hasira.

Hatua ya 9: Fuatilia taarifa zako zilikoishia

Kesi ikiisha, au hata kama majibu yalikuwa hasi, mambo manne yanaweza kuwa yamebaki nyuma: kijiti chenye mate, majibu ndani ya kumbukumbu ya mashine (nyingi huhifadhi vipimo na saa), fomu yenye majina yako, na video ya kamera ya kifuani. Andika barua kwa jeshi la polisi husika ukiomba kujua: nini kimehifadhiwa, kwa msingi wa sheria ipi, nani amepewa nakala, na kitafutwa lini. Nchi yenye sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi huwa na utaratibu wa ombi kama hili, ingawa polisi huwa na misamaha yao.

Uliza pia kama mate yametolewa vinasaba. Mwaka 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya S na Marper dhidi ya Uingereza, ilisema kushikilia alama za vidole na vinasaba vya watu ambao hawakutiwa hatiani, bila ukomo, kunavunja haki ya maisha binafsi. Ndani ya Umoja wa Ulaya, agizo namba 680 la 2016 linahesabu taarifa za afya na vinasaba kuwa za kundi maalumu hata zikiwa mikononi mwa polisi: zichakatwe pale tu inapobidi kabisa. Hata kama uko nje ya Ulaya, vitaje kwenye barua yako. Havimfungi anayesoma, lakini atajua anaandikiana na mtu aliyesoma.

Mambo yakienda kombo

*Kifaa kimesema chanya, maabara imesema hasi, lakini leseni bado imeshikiliwa.* Peleka nakala ya majibu ya maabara kwa maandishi kwa mamlaka iliyoshikilia leseni, si kwa kituo cha polisi pekee. Mara nyingi ni ofisi mbili zisizozungumza.

*Sikuomba sampuli ya pili.* Hujapotea. Mtaalamu anaweza kupitia takwimu ghafi za maabara: michoro ya kromatografia, vipimo vya udhibiti vya siku hiyo, saa za kupokea. Zidai kupitia wakili.

*Natumia mafuta ya CBD (kemikali ya mmea wa bangi isiyolevya) na nimekutwa na bangi.* Inawezekana, kwa sababu bidhaa nyingi huwa na THC kidogo. Na kama kilichopimwa ni majani, kipimo cha rangi cha kawaida hakiwezi kutofautisha katani halali (mmea wa jamii ya bangi usiolevya, si mkonge) na bangi. Zote zina kemikali zilezile kwa viwango tofauti. Tunza risiti na lebo, na udai maabara ipime kiwango.

*Nimepanguswa mikono tu, sikupimwa mwili.* Basi kilichopatikana ni kwamba mikono yako iligusa kitu kilichoguswa na kitu. Andika kazi yako, noti ulizohesabu, gari ulilopanda. Mimi mwenyewe nilishasimamishwa uwanja wa ndege mashine ikilia baada ya kupangusa begi nililoazima kwa shemeji. Hadi leo shemeji anasema hajui, nami nimeamua kumwamini.

*Wamefuta majibu au wamepoteza kifaa.* Omba kwa maandishi kumbukumbu za matengenezo na usahihishaji wa kifaa hicho, kwa namba yake. Ndiyo maana uliandika namba.

*Nimeshakiri.* Usingoje kifungo kiishe. Muulize wakili mambo mawili: je, kielelezo bado kipo, na je, kiliwahi kupelekwa maabara? Kama hakijateketezwa, omba kisiteketezwe, leo.